Majina Marefu ya Mzee wa Kesses

Mwaka huo nilifanyia kazi chumbani kwangu Munyaka, peke yangu. Nilikuwa nimepewa programu ya mashine ya kukausha mahindi kule Chepsaita, niitunze, iliyoandikwa kwa lugha ya kompyuta iitwayo C na mzee aliyekwisha kustaafu. Wiki nzima ingepita sijatamka neno ila "asante" kwa mama wa mboga.

Kilichonisumbua ni majina ambayo programu hutumia kuita vipimo vyake. Katika C huwezi kuacha nafasi ndani ya jina, kwa hivyo mzee alikuwa ameshikanisha sentensi nzima: jotolahewainayoingiakwenyetangi, na chini yake jotolahewainayotokakwenyetangi. Siku moja nikabadilisha kiwango cha moja nikidhani ni lile lingine. Mahindi ya asubuhi hiyo yakaungua. Mkulima alinipigia simu, na hata hakugomba.

"Ni wewe unaambia mashine kitu ya kufanya?"

"Ni mimi."

Kesho yake nikaenda Kesses, nyumbani kwake, kumtafuta mzee. Macho yake yalikuwa yamefifia, skrini haioni, lakini nikimsomea mwanzo wa jina alilimalizia kwa kichwa, polepole.

"Joto... la hewa... inayoingia..."

Kila alipopumua niliweka kistari cha chini, ambacho C inakikubali badala ya nafasi. "Kwenye tangi" tuliitupa, maana mashine ina tangi moja tu. Kisha tukaleta tofauti mbele, jicho liione haraka: ingia_joto_hewa, toka_joto_hewa.

"Mzee, mbona uliyaandika marefu hivi?"

"Nilikuwa peke yangu, mwanangu. Hakuna mtu aliniuliza hii ni nini. Nikawa najieleza mwenyewe."

Nilijiona nimekaa kwenye kiti chake.

Nilienda siku tatu. Ya tatu, majina yakaisha kabla ya saa sita.

"Hakuna lingine?" akauliza.

Nikasema liko moja. Nikamsomea.

Akasikiliza hadi mwisho. "Hiyo si tuliitengeneza jana?"

"Ndiyo, Mzee."

Akapapasa mezani hadi akaishika thamosi, akanimiminia chai nyingine.

Mahindi hayajaungua tena. Kila wiki najiambia nitaenda Kesses kumsalimia tu, bila kazi, na kila wiki nashindwa kujua nikifika nitaanza kusema nini.