Kisu cha Mpini wa Pembe

Karani mstaafu wa mtaani kwetu ana visu vya kukunja kumi na tisa, na hakununua hata kimoja. Karibu vyote alibadilishana na watu. Kila asubuhi huchagua kimoja cha kutia mfukoni, kama wengine wanavyochagua shati. Lakini roho yake ilikuwa kwenye kisu cha fundi viatu, chenye mpini wa pembe. Miaka sita aliomba, miaka sita akanyimwa.

Jumamosi moja fundi akamwambia, "Haya, mzee mwenzangu, leo chukua. Nipe hicho cha mfukoni."

Karani nusura aruke. Akakitoa, kisha mkono ukagoma. Kilikuwa cha marehemu baba yake, ubapa umelika kwa kunolewa hadi ukawa mwembamba kama jani.

"Chagua kingine, ndugu yangu! Nyumbani vimejaa."

"Nataka hicho hicho."

"Hiki hakitoki. Ni cha baba."

Fundi akacheka mpaka nyundo ikamdondoka. "Na hiki ni cha mama! Wewe umenisumbua miaka sita. Mimi dakika moja tu, jasho linakutiririka!"

Siku hizi karani haombi kupewa. Huomba kukishika tu, na fundi humpa huku akimhesabia dakika kwa sauti.