Muuza Viatu wa Nyeri na Mguu Asioweza Kuushika

Nyeri, Julai 1974

Saa mbili asubuhi, Jumamosi, ukungu bado umelalia mabati ya mji, na Hezekiah Mutahi ameshapiga magoti. Mbele yake, kwenye kiti cha mbao, ameketi mzee aliyetoka Mukurweini na matope ya njia nzima. Kando kuna karai la maji ya vuguvugu na taulo.

"Mzee, tuoshe kwanza. Baridi ya leo si mchezo," anasema Hezekiah, na kabla mzee hajaanza kuona haya, mguu umeshaingia majini.

Kiatu cha kwanza kinagoma kuingia. Muuzaji mwingine angesema mguu ni mkubwa. Hezekiah anakikazia kiatu macho. "Hii ilishonwa vibaya," anasema, anakiweka kando. Kwake yeye kosa huwa la kiatu, halijawahi kuwa la mguu.

Ana umri wa miaka thelathini na minane, mke mmoja, Murugi, na watoto wanne huko Tetu. Kwa miaka tisa amekuwa akiuza viatu katika duka hili la Mzee Gatimu kwa mshahara ambao sasa umefika shilingi mia mbili na themanini kwa mwezi. Si mshahara wa kujivunia, na karo ya shule inaujua vizuri kuliko yeye.

Hezekiah mwenyewe alivaa viatu vya kwanza akiwa na miaka ishirini na minne. Anakumbuka siku hiyo kama jana.

"Muuzaji hakutoka nyuma ya kaunta," anasimulia. "Alinionyesha kiatu na fimbo, akaniuliza kama imetosha. Mimi kwa kuogopa nikasema imetosha. Wapi! Nilifika Tetu nimezibeba kwa mkono, kisigino iko na damu. Nikasema, siku nikiwa mimi muuzaji, hakuna mtu atatoka kwangu namna hiyo."

Na hawatoki. Lakini leo huenda ikawa Jumamosi yake ya mwisho mbele ya wateja.

Ng'ambo ya barabara kumefunguliwa duka jipya lenye redio mlangoni na viatu vya raizoni, vile vya soli nene, dirishani. Huko mteja hulipa na kutoka kabla kiti hakijapata joto. Jumanne iliyopita Gatimu alimwita Hezekiah akampasulia ukweli: Jumatatu anakuja kijana mmoja wa Kutus, Moffat, mwenye mkono mwepesi wa kuuza. Hezekiah ataingia stoo kufungua masanduku.

"Mshahara ni ule ule," anaeleza Gatimu, mtu mnene, mpole, asiyependa ugomvi. "Mimi simfukuzi. Lakini akianza na nyanya mmoja, ni nusu saa! Wengine wanachoka wanavuka barabara."

Hezekiah hambishii. Ila uso wake unasema yote. "Sanduku haiamkui mtu," ananong'ona akikausha mguu wa yule mzee. "Nitaongea na nani huko ndani?"

Saa sita hivi anaingia mama mmoja wa makamo ya juu, kichwani kitambaa cheupe, miguuni hana kitu. Anaingia kutoka lile duka la ng'ambo akinung'unika kwa sauti, kama mtu aliyetoka vitani.

"Ati wananiuliza namba ya mguu! Mguu yangu iko na namba? Kijana ananicheka, ati nikanunue gunia nijifunge. Mimi nataka kiatu nyeusi, ya kesho, naingizwa kwa chama ya akina mama kanisani, nani atasimama mbele ya madhabahu hivi..."

Maneno yanamkatikia mdomoni. Hezekiah naye amesimama ghafla, kiatu mkononi, macho chini.

Huyo ni Warigia, mama mzazi wa Murugi. Alijua mkwe wake anauza viatu mjini, lakini maduka ya viatu ni mengi, na hakuwahi kukanyaga hili.

Kwa watu wa huku, mwanamume na mama mkwe wake huheshimiana kwa umbali. Humsogelei ovyo, sembuse kuushika mguu wake mbele ya watu. Wengine mjini wameanza kulegeza. Hezekiah hajalegeza, na Warigia ndiyo kabisa.

"Habari ya nyumbani, mama," anasema Hezekiah kutoka mbali.

"Ni wazima," anajibu Warigia akiutazama ukuta, na anageuka kuondoka.

Gatimu anakohoa nyuma ya kaunta. "Hezekiah! Mteja anatoka!"

Maskini Hezekiah! Akimwacha aende, atakuwa amempoteza mteja mbele ya tajiri wake, siku hii miongoni mwa siku zote, na mama wa watu kesho atasimama kanisani miguu mitupu. Akimshika mguu, atamwangaliaje Murugi jioni?

Anapiga hatua mbili hadi kaunta, anainama. "Mzee, yule ni mama mkwe wangu."

Gatimu anafumba macho. Naye ni mtu wa Nyeri, hahitaji kuelezwa. "Sasa?"

"Sasa ni wewe, Mzee."

Tangu afungue duka lake Gatimu hajawahi kupiga magoti mbele ya mteja. Anavua koti. Anamwita Warigia kwa heshima zote, anamkalisha, kisha anashuka taratibu huku akiguna kwa kila goti. Hezekiah amegeukia rafu, mgongo kwao, anapitisha viatu kwa nyuma bila kutazama.

"Imetosha, Mama Murugi?" anauliza Gatimu upesi upesi.

"Imetosha."

Mgongo wa Hezekiah unakakamaa. Jibu hilo analijua. Aliwahi kulitoa mwenyewe. "Mzee," anasema kwa upole, "mwambie atembee mpaka mlangoni."

Warigia anatembea. Hafiki mlangoni. "Wui! Inanibana!"

Basi kazi inaanza upya. Karai linaletwa. Gatimu anauosha mguu, na anapofika kwenye vidole anasita: kidole kimoja kimepinda, kimepanda juu ya mwenzake.

"Hiyo ilivunjika wakati wa taabu, ile ya Mau Mau," anasema Warigia bila kujionea huruma. "Tulikuwa tunachimbishwa mitaro na wakoloni, jembe ya mwenzangu ikaniangukia. Hakukuwa na ruhusa ya kwenda hospitali. Tulichimba tu."

Gatimu amekishika kidole kile kama anashika yai.

"Mama yangu pia alichimba," anasema. "Yeye hakuwahi kuvaa kiatu. Alikufa kabla sijafungua duka."

"Pole, mwanangu," anasema Warigia, na anamwekea mkono begani, yeye mnunuzi akimfariji mwenye duka.

Jozi ya nne ndiyo inayokubali: nyeusi, pana mbele, laini kisiginoni. Warigia anatembea hadi mlangoni, anatoka nje, anazunguka kwenye kokoto mara mbili, anarudi akitabasamu. Wateja waliokuwa wakisubiri kwenye benchi hawajavuka barabara, na mmoja anapangusa macho. Zimepita dakika arobaini.

Jioni, milango ikifungwa, Hezekiah anakusanya taulo na kungojea hukumu yake. Gatimu anasugua magoti.

"Jumatatu Moffat akija, mfundishe," anasema. "Asipoweza kupiga magoti, mwambie arudi Kutus."

Hezekiah anaitikia "Ndio, Mzee" tu, lakini taulo linamdondoka mkononi.

Jumatatu asubuhi, Moffat akiwa bado hajatokea, Hezekiah anafika akicheka peke yake. Murugi alikuwa kanisani jana, na amemsimulia yote.

"Mama alisimama ibada nzima," anasema. "Wenzake wanaketi, yeye anasimama. Ati hajachoka! Sasa marika wake wote wanakuja Jumamosi kununua."

Gatimu anaweka kalamu chini. Kwa mila, wanawake wa rika la mama mkwe nao ni mama wakwe. "Wote hao huwezi kuwashika?"

"Hata mmoja, Mzee."

Gatimu anayatazama magoti yake, kisha kiti cha mbao. "Mwambie mkeo aje Alhamisi aanze kujifunza. Nitamlipa."

Hilo ndilo ambalo Hezekiah amekuwa akiliombea bila kuthubutu kulitamka. Kwa mishahara miwili, anasema, watoto watamaliza shule, na Mungu akipenda yeye na mkewe watafungua duka dogo Mukurweini, lenye viti viwili, yeye akihudumia kimoja na Murugi kingine.

"Basi Murugi atawahudumia mama yake na wenzake wote," anasema, akijaza maji kwenye karai.

"Wenzake, sawa," anajibu Gatimu. "Lakini Mama Murugi ni mteja wangu. Asiguswe na mtu mwingine."