Nusu ya Somo Niliyowapa Wazee

Nakumbuka asubuhi moja kijijini kwetu Kilungu, mwanzoni mwa miaka ya tisini, wazee wa ukoo waliponiuliza swali nami nikajibu haraka, nikamuumiza mtoto. Mwanangu, nimezeeka, lakini aibu ya asubuhi ile bado inanichoma, na hasira yake pia. Hasira nimeamua kubaki nayo.

Nilikuwa nyumbani kwa likizo kutoka chuo kikuu, nasomea baiolojia, msichana wa kwanza wa ukoo wetu kufika huko. Kikao kilikuwa juu ya Mutheu, binti ya marehemu dada yangu. Dada aliuawa na pombe, tusifichane. Mutheu alikuwa amepita mtihani vizuri na kuitwa sekondari ya bweni, ila wazee walitaka aende kuwa yaya mjini. Elimu ya nini, walisema, na mtoto wa nyoka ni nyoka? Atakunywa tu kama mamake. Baba Mkubwa, kaka wa baba yangu na msemaji wa kikao, akanigeukia.

"Wewe umesoma hii mambo ya damu. Hii kitu inarithiwa ama hairithiwi?"

Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Nikasimama, nikasafisha koo, nikawaambia kwamba tabia zetu zimeandikwa katika jeni, na jeni hazibadiliki. Wazee wakaitikia kwa furaha. Mutheu alikuwa mlangoni na birika la chai. Alisikia kila neno. Hakulia, aliliweka birika chini, akatoka.

Kesho yake Susu, yaani nyanya yangu, aliniita kwenye mizinga yake. Yeye na akina mama wenzake wa kikundi walifuga nyuki katika mizinga ya mbao iliyoning'inizwa usawa wa kifua, kwa sababu wanaume walisema mwanamke hapandi mti kutafuta asali. Waliwacheka wee, mpaka siku walipokuja kuomba asali. Susu akatoa sega akanionyesha. Malkia wa mzinga ule alikuwa amekufa, na nyuki walikuwa wakijitengenezea mwingine: chumba kimoja kirefu, kimening'inia kama njugu karanga kando ya vyumba vidogo.

"Huyu wa ndani alikuwa mtoto tu kama hawa wengine," akasema. "Mama yao ni mmoja. Wamempanulia chumba, wakampa chakula ingine, sasa atakuwa malkia. Niambie, mwana wakwa, hiyo damu yako eti haibadiliki inasema nini hapo?"

Nikarudi nyumbani nikafungua daftari la chuo, na jibu lilikuwa humo, kwa mwandiko wangu mwenyewe! Mwalimu alitufundisha, nami niliandika nikisinzia. Uzi wa urithi uliomo katika kila seli ni mrefu kuliko mimi, kwa hiyo umezungushwa kwenye vigololi vya protini na kukunjwa. Palipokazwa sana, seli haiwezi kusoma. Jeni ipo, ila imenyamaza. Kisha zipo protini nyingine ambazo kazi yao ni kuvisukuma vile vigololi, kulegeza hapa na kukaza pale, ili jeni hii isomwe na ile inyamaze. Ndiyo maana seli ya jicho na seli ya ini zina uzi ule ule lakini kazi zao ni mbalimbali. Chakula na maisha huweza kuigusa kazi hiyo, kama kwa yule nyuki. Niliyoyasema kikaoni yalikuwa nusu ya somo, ile nusu wazee waliyoitaka.

Nikarudi mbele yao bila kuitwa. Nikasema nilikosea, na nikaeleza kwa nini. Baba Mkubwa akaniuliza kama chuo siku hizi kinafundisha kubishana na wazee. Heshima, mwanangu, si utumwa.

"Baba, mimi nawaheshimu," nikasema. "Lakini huyu mtoto anaenda shule. Mkikataa, nitampeleka mwenyewe."

Walikataa. Jumatatu tulishuka mlima kwa miguu mpaka barabara ya Mombasa, Susu mbele na sanduku kichwani, Mutheu katikati, mimi nyuma. Hakuna mzee aliyetuaga.

Njiani Mutheu akaniuliza, "Auntie, ile siku ya kwanza, ulikuwa hujui ama uliogopa?"

Nilitamani kusema sikujua. "Niliogopa," nikamwambia. "Nilitaka wanisifu."

Tukaendelea kushuka mpaka kwenye lami. Hapo ndipo aliponishika mkono.

Sikuambii kwamba urithi ni uongo. Huenda kiu ya dada yangu ilikuwa na mizizi katika damu, na Mutheu analijua hilo, hagusi chupa. Leo ana duka la dawa za mifugo kule Kalamba, na mdomo mkali kuliko wangu.

Basi kabla hujaondoka, nasaha yangu ni hii. Mtu akikuambia damu yako imekwisha kukuhukumu, kataa, na ukatae ukiwa umesimama. Ukipewa elimu, usiiuze kwa makofi, kwa maana msomi akipotosha, watu humwamini. Na ukikosea mbele za watu, rudi ukajisahihishe mbele za watu hao hao, hata wakikununia. Mimi walininunia miaka mingi, na sijutii hata siku moja.

Mungu akupe ujasiri wa kusema "nilikosea", na baada ya hapo akupe kichwa kigumu. Nenda salama, mwanangu, na uzae wabishi.