Nilivyotoka U-MC na duka la dawa za mifugo Babati hadi kuwa mshauri nasaha

Wakuu heshima kwenu.

Haya yamenitokea mimi mwenyewe. Sina cha kuuza, someni tu.

Baada ya form six niliajiriwa kwa mkataba kufundisha, mkataba ukaisha. Nikawa MC wa harusi, nikapoteza sauti kwenye sherehe moja Singe, kamati wakampa mic shemeji wa bwana harusi. Ndoto ikafia hapo.

Mjomba akanichukua niwe muuzaji kwenye duka lake la dawa za mifugo, hapa hapa mjini.

Siku moja akaingia Baba Paskali, mkulima wa Sigino. Namfahamu, tunasali kanisa moja.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Ng'ombe wangu hali."

"Maji anakunywa?"

"Kidogo. Na usiku halali. Anakaa macho tu, anawaza."

Nikaacha kushika chupa ya dawa. Ng'ombe anawaza?

"Anawaza nini, mzee?"

Akaangalia chini. "Anamuwaza Mama Paskali."

Mama Paskali tulikuwa tumemzika kabla ya mavuno.

Wakuu, nilitaka kucheka, nikakumbuka mazishi yale. Nikamvutia kiti. Akasema haoni tena sababu ya kuamka asubuhi. Mimi, MC mzima, nikamshika bega tu. Akalia mpaka wateja wakageuzia mlangoni.

Nikafunga duka, nikampeleka hospitali. Nesi wa afya ya akili akampokea vizuri, akampangia awe anarudi. Nikawa namsindikiza, na kila akiulizwa swali nadakia kumjibia. (Mjomba alinuna, hiyo ni mada nyingine.)

Taratibu mzee akaanza kula. Sasa karudi kwaya, anaimba besi na kugombana na mwalimu kama zamani.

Yule nesi ndiye aliyeniambia, "Kasome hii kazi. Ila ujifunze kunyamaza."

Nikasoma diploma ya ushauri nasaha. Siku ya kwanza field, client kaingia, nikamkaribisha kwa sauti ya ukumbini: "Naaam, karibu sanaaa!" Dada wa watu akarudi nje kuangalia kama kakosea mlango.

Nyumbani Nakwa, mama akatangaza mtaa mzima kuwa mwanawe ni daktari wa vichaa. Majirani wakaacha kunisalimia. Ila jioni mmoja mmoja anapita mlango wa uani: "Kuna rafiki yangu ana shida ya usingizi..." Namwambia rafiki aje kesho kituoni ninapofanyia kazi. Kesho anakuja yeye, na hatuongelei tena habari ya rafiki.

Nilichojifunza: watu wengi wanajua wanaumwa, wanakosa pa kuanzia tu. Ukiona mtu wako kabadilika, muulize, umwache aongee, usimwambie ajikaze. Ukiona mzigo ni mkubwa, nenda naye hospitali, msindikize kabisa hadi ndani.

Nanyi kazi mnayofanya leo mliifikiaje? Tiririkeni hapo chini. Nasoma zote, na kwa mara ya kwanza maishani naahidi kutodakia.