Shamba la Mbegu za Majirani

Nyumba yetu iliungua mchana kweupe, katika mwaka wa pili wa ndoa yangu. Ilikuwa miaka ya hamsini, mwishoni mwa kiangazi, wakati bonde zima la Kilombero limekauka na watu wanachoma majani kusafisha mashamba. Tulikaa pembeni mwa Ifakara, kwenye njia iendayo Idete. Mimi nilikuwa mgeni pale. Nilizaliwa Mahenge, milimani, na bado nilikuwa naona haya kuzungumza na watu. Mume wangu alikuwa kambini mtoni na wavuvi wenzake. Nyumbani tulibaki mimi na mama mkwe, nami nilikuwa na mimba kubwa.

Upepo uligeuka ghafla. Moto wa shambani ukaruka hadi kwenye paa letu la nyasi, na kabla sijatua ndoo ya maji paa lilikuwa linanguruma. Mama mkwe akataka kurudi ndani. "Mbegu zangu!" alilia. "Mwanangu, niache, mbegu zangu!" Nilimkumbatia kiunoni nikamvuta mpaka tukaanguka wote wawili. Kihenge cha mpunga kilikuwa kimeegemea ukuta wa nyuma. Tulisikia punje zikipasuka ndani yake kama bisi.

Majirani walikuja mbio na matawi mabichi na mitungi ya maji. Waliokoa nyumba ya pili. Yetu haikuokoka.

Aliyenishika mkono kwanza alikuwa jirani yetu wa Kiislamu, mama wa makamo aliyepika vitumbua sokoni. Hatukuwa tumezoeana.

"Shikamoo," nikamwambia, maana sikujua la kusema.

"Marahaba, mwanangu. Leo mnalala kwangu, wewe na mama yako."

"Tutakubana," mama mkwe akasema.

"Basi tubanane."

Tulikaa kwake mpaka nyumba mpya ikasimama. Mume wangu alipopata habari alirudi na mtumbwi, na wenzake wakaacha nyavu zao wakaja kukata fito. Jumapili, watu wa kanisani walipitia kwetu baada ya misa, wakavua viatu, wakakanyaga udongo. Wanawake walisomba maji na kukandika kuta. Mimi walinikataza kubeba chochote, nikawa napika uji tu.

Lakini mvua ilikuwa karibu, na hatukuwa na punje ya kupanda. Mama mkwe alikuwa akikaa mbele ya zile kuta mpya bila kuzitazama. "Tumepata pa kulala," aliniambia. "Tutakula nini?"

Sijui nani alianza. Mzee mmoja mvuvi alileta mpunga ndani ya kofia yake. "Huu mwekundu," akasema, "unachelewa, lakini maji hayauwezi. Usiuchanganye." Mama wa vitumbua akaleta wake, wa muda mfupi, naye akaonya usichanganywe. Mwanamke mmoja akatembea kutoka Idete na mbegu nyeupe, ndefu, zimefungwa kwenye pindo la kanga. Mjane wa nyumba ya tatu alileta kifuu kimoja tu. "Msicheke udogo wake," akasema. Mama mkwe akakipokea kwa mikono miwili, akapiga magoti.

Wote walichota kwenye mbegu zao wenyewe. Na wote walisema tusichanganye. Tungetenganisha vipi? Vyungu, vikapu na magunia vyote vilikuwa vimeungua. Tulikuwa na tenga moja la kuazima. Tukamimina humo.

Nilijifungua salama mvua zilipokuwa zimekolea. Niliporudi shambani na mtoto mgongoni, mpunga ulikuwa unazaa, na sijapata kuona shamba kama lile. Mwingine mfupi, mwingine unanipita kichwa. Masuke haya yameinama, ya njano. Yale jirani yake bado mabichi kabisa. Mume wangu alisimama akiwa ameshika kiuno, akacheka mpaka akakaa chini. Hakuwa amecheka tangu moto.

Kuvuna kulitutesa. Tulikata suke moja moja kwa kisu, tukachagua yaliyoiva, kisha tukarudi tena kwa yaliyofuata. Wenzetu walikuwa wameshamaliza, mama mkwe bado yuko juu ya dungu akifukuza ndege waliokuwa wamehamia kwetu wote. "Msaada huu utaniua!" alipiga kelele siku moja, sauti imemkauka. Kisha akacheka peke yake huko juu.

Wenye mbegu walikuwa wakija kuangalia. Mjane alisimama ukingoni, akatafuta, akanyoosha kidole: "Ule pale ni wangu. Tazama unavyosimama." Yule mzee alikuja mara nyingi kuulizia mwekundu wake, kama mtu anayemuulizia mjukuu.

Dukani hawakuutaka mpunga wa mchanganyiko, kwa hiyo tuliula wenyewe. Siku ya kwanza kuupika, mama mkwe alimwita mama wa vitumbua. Tukapakua wali na kambale. Mgeni wetu akatafuna.

"Wali huu haujaiva," akasema.

"Wako umeiva," mama mkwe akamjibu. "Tunausubiri wa mzee."

Wakacheka mpaka wakafutana machozi, na mtoto akaamka. Tuliula hivyo hivyo, nusu laini nusu mgumu, mpaka mavuno mengine.