Mama Atosha na Miti ya Mupaka

"Mulitufundisha kupanda miti ili mutufungie nje!" Mama Atosha alimfokea Placide, mtu wa shirika la kulinda msitu, katikati ya mukutano pale Fizi.

Yeye ni Mutwa, watu wa msituni tangu zamani. Ile miti aliipanda na bamama wenzake, wakiimba. Leo ndiyo mupaka wa msitu unaolindwa: akiivuka kufuata asali, walinzi wanamukamata.

"Muvumilie, mama. Tunatetea haki zenu."

"Hiyo haki inaiva lini, nisonge ugali?"

Tulicheka, hata Placide. Kisha akapanda gari akarudi mujini Baraka.

Mimi ningemusaidia Atosha na nini? Sisi Wabembe, majirani zao, tunawapa Batwa chumvi, wao wanatulipa asali. Jioni Atosha akaja kwangu mikono mitupu.

"Dada, ile chumvi uliyonipa, sina asali ya kukulipa..."

"Nyamaza. Sikudai kitu. Kaa ule."