Chai ya jumuiya na tangi la Baba Neema

Leo nimewanywesha jumuiya nzima chai ya chumvi.

Msicheke kwanza.

Mume wangu, Baba Neema, anajenga tangi la plaiwudi hapo sebuleni, refu kuliko kochi. Anataka kufuga samaki wa baharini. Sisi tuko Sokon One, huku bara, bahari iko wapi jamani.

Jana alimwagia humo maji yetu yote ya akiba, aone kama linavuja. Halikuvuja, ila mimi nikipita hapo natembea kwa ncha za vidole, naogopa litatupasukia.

Leo sala ya jumuiya ilikuwa kwangu, mara ya kwanza tangu tuhamie hapa. Bomba kavu, ndoo tupu. Nikachota kwenye tangi, si maji yetu? Nikapika chai ya tangawizi.

Watu wakanywa kimya. Nikajua imewakolea.

Mzee wa kanisa alifika nusu kikombe, akafuta midomo taratibu. "Mama Neema, sukari mnanunua duka gani?"

Mwenyeji anakunywa mwisho, ndipo nikaonja yangu. Kumeza nikashindwa.

Kumbe asubuhi Baba Neema alishatia chumvi ya samaki wake, hakuniambia hata neno.

Amerudi, namweleza huku machozi yananitoka. Akaenda moja kwa moja kuchungulia tangi.

"Umechota ndoo ngapi? Chumvi nilishaipima."

Hata pole sijapewa.

Na yule mama mwenyekiti wa jumuiya nilimwongezea kikombe cha pili, akanywa chote ili nisiaibike.

Sasa niambieni, Jumapili nikae benchi gani?